Mwitikio wa Saa Tisa

Alhamisi, jioni. Nyumbani, Nyatike.

Mvua imekatika. Udongo mweusi wa shambani unatoa mvuke, na ng'ombe wamesimama zizini wakitazama upande mmoja, upande wa nyumba hii. Sipendi wanavyotazama.

Nimeketi sebuleni mwa marehemu kaka yangu, kompyuta ikiwa magotini. Mbele yangu, juu ya mkeka, limelazwa tunda lililovishwa shati na kufunikwa shuka jeupe hadi kifuani.

Nimeandika "kifuani." Tunda halina kifua. Nimetafuta neno jingine, sikulipata.

Msomaji wa shajara hii asiye Mjaluo atataka maelezo, nami nitayatoa mara moja tu. Kwetu, mtu akifa na mwili wake usipatikane, ukoo hukata tunda la mti wa yago, refu na zito kama paja la mtu mzima, ukalivisha na kulizika badala yake. Tangu linapokatwa, haliitwi tunda tena. Watu hawaliruki, hawacheki mbele yake, wala haliachwi peke yake hata kidogo. Huletwa nyumbani kwa kubebwa mgongoni, kama anavyobebwa mgonjwa.

Desturi hii nimewaeleza wanafunzi wangu kwa miaka mingi, kwa utulivu, chaki mkononi. Sijawahi kuachwa nayo chumbani.

Kola ya shati inaonekana juu ya shuka. Imefungwa kifungo. Ndani yake hamna shingo.

Shati ni la Okoth, mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Tangu masika yuko chini ya ardhi kule Macalder, umbali wa kutembea kutoka hapa, katika shimo la dhahabu lililomporomokea mchana yeye akiwa peke yake ndani. Wenzake walichimba mpaka maji ya chini yakapanda na kuwafukuza. Kisha wakakaa kimya ukingoni, wakavua kofia, wakaenda nyumbani. Mimi ninaishi Homa Bay, na kwa kuwa baadhi ya watu hapa walishikilia kwamba huenda maji ya mgodi yana njia ya siri hadi ziwani, kila mwili usio na mwenyewe ulipookotwa ufukweni niliitwa kwenda kuutazama. Nilikwenda. Nilitazama. Hakuwa yeye.

Mama yake tunamwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, kwa jina la kwao alikotoka kuja kuolewa. Ni mwanamke mfupi, mchekeshaji, asiyejua kusoma vizuri, na katika kigango chetu hana cheo chochote. Hupanga viti. Huosha vitambaa vya altare.

Yeye ndiye aliyenileta hapa, ingawa hakuniita.

Tangu shimo lilipoporomoka, Nyar Uriri hakulia. Watu walingoja alie, hakulia. Kila asubuhi hufagia simba, kile kibanda ambamo kijana asiyeoa hulala, cha Okoth. Kila mchana hupakua sahani ya Okoth na kuiweka mezani. Na kila siku, jua au mvua, hutembea hadi kwenye lile shimo, hupiga magoti ukingoni, na saa tisa, saa ya huruma, huongoza rozari.

Hayo watu wangeweza kuyavumilia. Walichoshindwa kuvumilia ni kwamba aliporudi alisema, bila kupaza sauti, kama mtu anayesema bei ya sukari imepanda: "Leo wameitikia vizuri."

Wanawake wa jumuiya wakaacha kumtembelea. Wachekechaji wa dhahabu wakahama upande ule wa mgodi. Mmoja alimwaga maji ya baraka njiani anakopita, na mwingine, anayejiita Mkristo, alipita usiku akamwaga majivu.

Halafu kuna Odhiambo, mtoto wake wa pili. Odhiambo ana mke na mke ana mimba kubwa, na wanaishi jikoni mwa mama. Kwa desturi yetu mdogo hatangulii kujenga boma lake wakati suala la kaka yake halijamalizwa. Okoth hayuko hai wala hajazikwa, kwa hiyo Odhiambo hajengi. Wazee wa ukoo walikata yago leo alfajiri. Odhiambo ndiye aliyelibeba mgongoni mpaka hapa, akilia njia nzima, na mama yake alipoliona alisema jambo moja tu.

"Mkichimba kaburi, mimi nitalala humo kwanza."

Mazishi ni Jumamosi. Kaburi limekwisha kuchimbwa kando ya simba. Hakuna mzee anayethubutu kumwinua mama kutoka kaburini kwa nguvu. Laana yake ingewafuata watoto wa Odhiambo kabla hawajazaliwa. Padre wetu, kijana mpole anayezunguka vigango kwa pikipiki, aliniambia kwa simu kwamba atasoma Misa ya kumwombea marehemu, ila hatabariki tunda kana kwamba ni mwili. Akaongeza: "Mwalimu, ongea na mama. Wewe ni shemeji yake, na wewe ndiye unayeielewa imani."

Ninayeielewa imani.

Ni kweli kwamba nimefundisha katekisimu. Ni kweli kwamba mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu Homa Bay na kwamba wasomaji wa masomo ya Jumapili hunisomea kwanza mimi, nyumbani kwangu, ili nisikie wanavyotamka. Lakini nikiri hapa, kwa kuwa shajara ni mahali pa kukiri: nimesali maisha yangu yote bila kutazamia kujibiwa kwa sauti.

Leo mchana nilikwenda naye.

Nilikusudia kumwonyesha kwamba anachosikia ni mwangwi. Nilidhani hiyo ni huruma. Njiani nilimweleza sauti inavyogonga mwamba na kurudi. Alinisikiliza huku akiruka madimbwi kama msichana, kiroba cha kupigia magoti kikiwa kichwani.

"Yuora," akasema. Ndivyo tunavyomwita shemeji, na sisi wawili huzungumza Kijaluo. Hapa naandika maneno yake kwa Kiswahili. "Yuora, wewe huamini. Wewe unakagua."

"Ninaamini na kukagua."

"Basi leo ukague vizuri. Nisije nikafeli."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Upande ule wa mgodi ni kimya. Mashine za kusaga mawe zinasikika kwa mbali, lakini ukivuka kilima kidogo cha kifusi zinakatika ghafla, kama mlango umefungwa nyuma yako. Nyasi zimeota. Hapakuwa na ndege. Akala za Okoth, zile ndara za mpira wa gurudumu, bado ziko ukingoni alipozivua, zimetazama shimo. Mvua zote hizi hazikuzisogeza, na hapana mtu aliyezigusa. Katika nchi hii ya wezi wa viatu, jambo hilo lilinitia baridi.

Nikainama nikapaza sauti kwanza, kwa makusudi, kabla hajaanza. Niliita jina langu mwenyewe. Shimo lililimeza. Halikurudisha hata silabi moja.

Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Hapana kitu.

"Umemaliza?" Nyar Uriri akauliza. Akatandika kiroba, akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba. Alianza kwa kusema Salamu Maria nzima, mwanzo na mwisho, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha katika ile iliyofuata akasema nusu ya kwanza, akaacha.

Nusu ya pili ikaja kutoka chini.

Naandika nilichokisikia, wala si zaidi. Haikuwa sauti moja. Zilikuwa kadhaa, nzito, za pamoja, kama unavyosikia watu wakisali kanisani nawe uko nje na milango imefungwa. Maneno yalikuwa ya Kijaluo. Hayakuwa maneno aliyotoka kuyasema. Mwangwi hurudisha ulichokisema. Huu ulirudisha kile ambacho yeye hakukisema.

Akaongoza. Wakaitikia. Akaongoza.

Magoti yangu yalikunjika. Ningependa kuandika kwamba nilipiga magoti, lakini ukweli ni kwamba yalikunjika.

Sikuitikia hata mara moja. Kulikuwa na wazo moja tu kichwani: kwamba nikiitikia, nitakuwa upande wao.

Alipomaliza mafumbo yote matano, kila fumbo Salamu Maria kumi, alifunga kwa ishara ya msalaba, akasema kuelekea shimoni, "Mlale salama," akakung'uta kiroba. Nilimwambia atangulie. Nilihitaji kukaa.

Hapo ndipo aliponikuta Chacha.

Chacha ni Mkuria wa makamo, mwenye mabega mapana, anayemiliki shimo jingine ng'ambo ya kile kilima cha kifusi. Alikuja akikunja kamba mkononi, ufunguo mkubwa ukiwa umening'inia shingoni mwake.

"Mwalimu, pole sana kwa ile mambo ya kijana. Lakini niulize kitu. Ni wewe ulikuwa unapiga kelele kwa hii shimo?"

"Ni mimi."

"Ai! Umetupotezea kazi. Vijana wangu wawili wametoka chini mbio. Wamedhani ni serikali."

Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Nikamwuliza polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu, iwapo walio chini katika shimo lake wanaweza kusikia anayesema hapa.

"Tunasikia sana. Ile njia ya chini ya wazungu, ya ule mgodi wa zamani, imeshikana na yetu na hii ya Okoth. Mtu hawezi pita, ni mawe na maji tu. Lakini sauti inapita. Mama wa kijana tunamsikia kila siku."

"Mnamsikia."

"Siku ya kwanza, mwalimu, tulikimbia! Sauti ya mama ndani ya jiwe! Na chini hakuna mama. Kijana mmoja aliacha kazi, akarudi kwao Kehancha, mpaka wa leo hajarudi. Siku ya pili tena. Siku ya tatu mmoja wetu akasema, ngojeni, huyu si anaomba? Sasa kama yeye anaomba, na sisi tuko huku chini gizani tumenyamaza, si sisi ndio mashetani?"

Aliniangalia aone kama nitacheka. Sikucheka.

"Tukaanza kuitikia. Na sisi ni Wasabato, mwalimu! Wote! Nilichukua Wasabato tupu ndio tusisumbuane mambo ya Jumamosi. Hizo shanga zenu hatujui. Lakini mama huwa anaanza kwa kusema yote, mwanzo mpaka mwisho, halafu inayofuata anaacha mwisho. Tukashika. Hata mimi Mkuria nimeshika Maria ya Kijaluo. Usiambie pasta wetu."

"Kwa nini hamkumwambia mama?"

Akakunja kamba mara kadhaa kabla ya kujibu.

"Tungemwambia nini? Na pia, haki ya Mungu, tangu tuanze kuitikia hakuna jiwe imeanguka upande wetu. Wewe ungeacha?"

Akanieleza kwamba mazishini hawatafika, watakuja kutoa pole Jumapili, kwa kuwa kesho kabla jua halijazama hupandisha kamba na ngazi zote na kufunga mdomo wa shimo kwa kufuli, na Jumamosi wote watakuwa Uriri kwenye makambi ya kanisa lao. "Sabato hapa haina mchezo," akasema, akigonga ule ufunguo shingoni. "Mtu wangu akishuka Jumamosi, Jumapili hana kazi."

Nilimshukuru. Nilisimama.

Nilifurahi, na sasa nikikumbuka furaha ile inanitisha kuliko sauti zenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyekuta hesabu imetoka sawa. Hapana mizimu. Hapana muujiza. Ni wachimbaji wa Kisabato na handaki la zamani. Nilitembea haraka nikamkuta Nyar Uriri njiani akichuma mboga za kienyeji kwenye kingo za shamba la mtu, na nikamwambia yote, kwa upole niliouweza, nikiwa tayari kumshika akianguka.

Hakuanguka. Aliendelea kuchuma.

"Yuora," akasema, "kwani ulidhani mimi nilidhani ni Okoth?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Okoth! Mtoto yule alikuwa mvivu wa rozari tangu nilipomwachisha ziwa. Fumbo la kwanza anaitikia, fumbo la pili amelala, kichwa kwenye paja langu. Eti leo aitikie makumi yote matano bila kukosea, na kwa sauti ya Kikuria? Ningejua ni uongo siku ile ile." Alicheka mpaka mboga zikamwanguka.

Kisha akaacha kucheka.

"Sikumwomba Mungu amtoe, yuora. Mlima umemlalia. Nina macho. Nilimwomba kitu kidogo tu, kitu ambacho hata mtu maskini anaweza kuomba. Nilimwomba asimwache peke yake kule gizani, kwa sababu Okoth alikuwa anaogopa giza. Mpaka anaota ndevu alikuwa analala na kibatari. Mnamwona amekuwa mchimbaji, mnasema shujaa. Mimi najua alikuwa anashuka na hofu yake kila siku." Akapangusa mikono. "Basi nikaomba. Siku chache tu, wakaanza kuitikia. Sasa niulize ni akina nani? Mungu akikuletea watu, wewe utawadai kitambulisho?"

Nilimwuliza kuhusu sahani.

"Anayepita hula. Wapitaji wana njaa. Kwani sijui kwamba Okoth hali?"

Na simba?

"Vumbi linaingia."

Nikauliza, basi kama anajua kwamba mwanawe amekufa, kwa nini alilikataa yago na kutishia kulala kaburini. Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyechoka.

"Kwa sababu mkishalizika mtasema Okoth yuko nyumbani. Mtakuja kusali hapa kwenye kivuli chake, padre atakuja hapa, maua mtaweka hapa. Na mimi mtanikataza kwenda kule, mtasema mama amemaliza, apumzike. Na mtu yuko kule."

Miezi yote hii tuliomba arudiwe na akili. Jumuiya nzima. Mimi mwenyewe niliongoza nia hiyo, Homa Bay, kwa Kiswahili fasaha. Hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza anachokiomba.

Nilimpa neno langu kwamba hatakatazwa. Akafikiri. Akasema basi wazike. Tena Odhiambo aanze kukata fito, mtoto asizaliwe jikoni. Ila jambo moja. Jumamosi saa tisa yeye atakuwa kaburini, mahali pa mama. Na saa tisa lazima mtu awe kule.

"Tutasali mapema zaidi," nikasema. "Au jioni."

"Saa tisa ndiyo saa yao. Watangoja."

"Basi nani ataenda?"

Alinitazama tu.

"Mimi?"

"Wewe si mwenyekiti?"

Nilikubali. Nilikubali kwa wepesi, kwa kuwa nilijua ni Chacha na vijana wake, na kwa kuwa jambo lililowashinda wazee nilikuwa nimelimaliza kwa mchana mmoja. Tulipofika nyumbani nilimwambia Odhiambo kwamba mama amekubali. Alikwenda akasimama mlangoni pa simba ya kaka yake, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Mkewe akaja akasimama nyuma yake na lile tumbo lake. Niliwaacha, nikaingia humu kushika zamu, nikafungua kompyuta, nikaanza kuandika.

Nilipofika kwenye maneno ya Chacha kuhusu ufunguo, niliacha kuandika.

Jumamosi.

Jumamosi hapana mtu chini. Kamba zimepandishwa. Ngazi zimetolewa. Kufuli limefungwa, na mwenye ufunguo yuko Uriri akiimba.

Nilisoma upya niliyoyaandika, nikitafuta kosa. Nilifikiri: labda Jumamosi Nyar Uriri haendi. Lakini anakwenda kila siku. Kijiji kizima kinalalamika kwamba haruki hata siku moja. Labda Jumamosi haitikiwi, naye hasemi. Nilifikiri hivyo, nikakiangalia kile kitu mkekani, nikatamani mtu aingie.

Akaingia yeye.

Nyar Uriri alikuwa amekuja kuwasha taa. Tangu yago liletwe alikuwa hajakanyaga chumba hiki. Aliweka taa chini, akapiga magoti kando ya mkeka, akafungua kile kifungo cha kola, akaigeuza vizuri, akaifunga tena, kama anavyomtengeneza mtoto asubuhi ya Komunyo yake ya kwanza. Alilipapasa shati begani. Sikuweza kutazama, na sikuweza kuacha.

Nikamwambia kwamba Jumamosi wachimbaji hawashuki.

"Najua. Ni Wasabato."

"Ulijua?"

"Jumamosi mashine yao hailii. Mtu hahitaji shule kwa hilo."

Nikamwuliza, basi Jumamosi yeye hufanya nini.

"Nasali."

"Na ukiacha ile nusu ya pili?"

Aliinuka kwa kushikilia goti langu. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Huo ndio ninaoukumbuka: ulikuwa wa kawaida, uso wa mtu anayekuelekeza njia ya kwenda dukani.

"Jumamosi huwa anaitikia mmoja tu," akasema. "Sauti yake ni ndogo, sogea karibu. Fumbo la kwanza hatakusumbua. Ukifika fumbo la pili atanyamaza. Usimharakishe, yuora, na usiondoke. Ngoja kidogo. Ataamka."

Akatoka kwenda kukama ng'ombe.

Sikumwuliza ni nani.

Nimeketi na taa, na shati, na ng'ombe wanaotazama. Nimejaribu kufikiri njia nyingine za chini ambazo Chacha hazijui, mashimo mengine, watu wengine. Huenda zipo. Nchi hii imetobolewa na watu waliokufa kabla sijazaliwa. Ningeweza kesho kumwambia Odhiambo aende badala yangu. Ningeweza kusema mgongo unaniuma, na ungekuwa ukweli. Ningeweza kwenda, nikakaa nyuma ya kilima cha kifusi hadi saa tisa ipite, nikarudi nikasema nilisali. Hapana ambaye angejua, ila yule anayengoja.

Ninaogopa kwamba hapatakuwa na mwitikio. Ninaogopa zaidi kwamba utakuwapo.

Nimetoa rozari mfukoni nikaiweka juu ya meza. Nimeandika kando, kwa mkono, mafumbo ya siku hiyo, ingawa nimeyajua tangu nilipokuwa mtoto. Kiroba nimekiomba, kiko hapa mlangoni, kina tope la magoti yake.

Jumamosi nitatembea hadi kule. Nitapiga magoti kabla magoti hayajakunjika yenyewe. Nitasema nusu yangu kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, kisha nitanyamaza, na kwenye fumbo la pili nitangoja kadiri itakavyohitajika.

Nusu ile nyingine si yangu kuikagua.